Visima Kumi na Tisa vya Nyuma ya Nyumba

Katika ofisi ile hakuna aliyezijua kompyuta kunizidi mimi. Nilizijua moja moja, kwa umri na kwa tabia, ipi inakohoa ikiwashwa na ipi inapenda kulala mchana. Nilizijua kwa sababu nimezifuta vumbi miaka kumi na sita, na siku moja tu niliyothubutu kubonyeza kitu, nilizima ghorofa nzima.

Kazi yangu hasa ni chai. Wananiita Bibi Chai, na jina limenikaa hata wajukuu zangu hulitumia wakitaka kunichokoza. Ofisi yenyewe hupima visima. Mpimaji huenda kisima hadi kisima, anashusha utepe wenye kijiwe mwishoni mpaka kiguse maji, anasoma mita, anauliza ni kaya ngapi zinachota hapo, anatazama rangi ya maji, na yote anayajaza kwenye fomu iliyo ndani ya mashine. Kila kisima kina mstari wake. Katika chumba cha mikutano, juu ya kimeza changu cha vikombe, mkuu wa zamani alibandika karatasi yenye herufi kubwa: MSTARI MTUPU NI KAZI ISIYOFANYIKA. Miaka yote nimepanga sukari chini ya maneno hayo.

Mmoja wa wapimaji hao ni mkwe wangu. Mwanangu alimwoa, wakazaa wasichana wawili, kisha akavuka mpaka kwenda kutafuta kazi. Akapata mke. Kazi bado anaitafuta. Mkwe wangu hakurudi kwao, nami sikumwuliza kwa nini, maana ukimwuliza mtu kwa nini hajaondoka unamwonyesha mlango. Tunaishi wanne, kwa mshahara wake na haka kangu ka chai ambako hakatoshi hata hiyo chai. Watu husema mkwe na mama mkwe hawapiki chungu kimoja. Sisi tunapika, ila mwiko naushika mimi.

Msimu uliopita wapimaji walipewa kompyuta za kupakata. Nani alichagua sijui, lakini hajawahi kusimama kando ya kisima. Kompyuta ya kupakata inataka paja, na paja halipatikani mpaka ukae, sasa kisimani mtu akae wapi, kwenye tope? Kuna mpimaji mmoja mzee tunamwita Kobe kwa ajili ya lile begi lake la mgongoni. Humo alibeba mashine, betri ya akiba, chaja, utepe na mwavuli. Mwavuli haukuwa wake, ulikuwa wa mashine, kwa kuwa juani kioo chake hugeuka kama cha kunyolea ndevu, unaona pua yako, kazi huioni. Vumbi likaingia kwenye vitufe kama sukari kwenye maandazi. Kabla msimu haujaisha mashine saba zilikuwa zimekufa, na moja ya hizo ilikufa na visima mia na kumi na mbili tumboni. Hiyo ilikuwa mikononi mwa mkwe wangu.

Mkuu wa zamani alimwandikia barua ya onyo la mwisho. Sikuisoma, ila mkwe wangu aliisoma kwa sauti mezani kwangu mara nyingi nikaijua kwa moyo: mstari mtupu mmoja tena, na mkataba wako umekwisha. Baadaye mkuu huyo mwenyewe akahamishwa. Barua haikuhamishwa. Ilibaki kwenye jalada inamngoja.

Mkuu mpya ni mama mmoja mkimya, huongea kama anapima chumvi. Aliingia akakuta kabati la mashine zilizokufa, akasema safari hii atanunua za wapimaji wote ishirini na wanne, zitumike miaka mitatu, na hataki maneno ya wauzaji. Akaazima mbili za kujaribia. Moja kompyuta ya kupakata, mpya, nyembamba, inang'aa. Nyingine kishikwambi kinene chenye ganda la mpira kila pembe, kama mtoto aliyevalishwa masweta matatu. Akamkabidhi mkwe wangu zote mbili: visima sitini, siku kumi, kila kisima akijaze kwenye mashine zote, kisha Jumatatu saa nne aje aseme tununue ipi. Mkataba wa mkwe wangu ulikuwa unakwisha mwezi huo huo. Mkuu hakumficha. Alimwambia kazi hii ndiyo itakayosema kama anabaki.

Mtunza stoo alitaka kompyuta, kwa sababu husimama kabatini zikapangika kama vitabu, na kwa sababu, alisema, mtu ataandikaje ripoti ya kurasa nane kwa kidole kimoja. Mwenye haki mpe haki yake, hapo hakukosea. Hata mkwe wangu alirudi siku ya pili analalamika kuwa kishikwambi hakikitambui kidole kilicholowa, na kwamba kuandika aya nzima juu yake ni kama kutwanga kwa kijiko.

Lakini hayo yalikuwa malalamiko ya siku ya pili. Siku ya nne akarudi hasemi. Kompyuta ilikuwa inaishiwa nguvu kabla ya saa sita, kwa hiyo anaacha visima, anatafuta nyumba yenye umeme, anaomba, anakaa saa mbili kwenye kibaraza cha watu akiitazama inavyokunywa. Siku ya sita ikapata joto ikajizima yenyewe, ikakataa kuwaka mpaka jua lilipopungua. Kishikwambi kilitoka asubuhi kikarudi jioni bado kina uhai. Kiliteleza ukingoni mwa kisima kikaanguka juu ya mawe, kikapata mkwaruzo mmoja. Nikamwambia hicho kimevumilia kuliko mwanangu. Kwa kawaida neno kama hilo humchekesha. Alivua viatu akaenda kulala bila kula.

Siku ya kumi ilikuwa Jumamosi. Alirudi mchana, jua bado liko juu, akakaa kwenye ngazi ya mlango na begi mgongoni.

"Arobaini na moja, mama," akasema.

"Kati ya ngapi?"

"Sitini."

Mimi ni mtu wa utani. Msibani huniweka jikoni nisiwachekeshe wafiwa. Siku ile nilitafuta utani kila mfuko, sikuupata.

Alinieleza akiitazama mikono yake. Kishikwambi peke yake kingemaliza sitini na siku moja ikabaki ya kufulia nguo. Ilikuwa ni ile nyingine, kuingoja, kuipoza, kuiombea umeme, ndiyo iliyomla siku zake. Nikamwambia basi andika hivyo hivyo, si ndicho walichokuuliza? Akacheka, kicheko kisicho na meno.

"Nani atasoma nitakayoandika? Atafungua fomu ahesabu mistari mitupu. Kumi na tisa, mama. Barua ilisema mmoja."

Nilitaka kubisha. Lakini karatasi ile ya ukutani ameisoma miaka sita, na mimi nimeipangusa vumbi miaka kumi na sita. Ukikaa chini ya maneno muda mrefu hivyo, huyasomi tena, unayapumua. Pale ofisini hakuna mpimaji aliyewahi kurudisha mstari mtupu akabaki salama, na wote tunajua mistari mingapi imejazwa mezani watu wakinywa chai yangu.

Wasichana walikuwa kwa jirani. Akafungua kompyuta kwenye meza ya jikoni, karibu na ukuta wenye umeme, ambako mashine ile ilifanya kazi vizuri ajabu. Akaanza kujaza. Alikuwa anajua visima vya jirani vya kila kile alichokikosa, kwa hiyo alikadiria: huyu jirani yake ana mita tisa, huyu nitampa nane na nusu. Alipokwama nilimsaidia. Nilimwambia cha arobaini na saba kina sura ya mita saba. Akaandika saba. Alipofika pa rangi ya maji akaandika "safi" mara kumi na tisa, na kila mara kidole kilichukua muda mrefu zaidi kushuka.

Kompyuta ikajaa. Akavuta kishikwambi, akaandika mita za kisima cha kwanza, na kishikwambi kikakataa kuendelea. Kilikuwa kinataka picha ya mdomo wa kisima. Fomu ya kompyuta haikuwahi kudai hilo, maana jicho lake linamtazama mtumiaji. Ukitaka lione kisima lazima uiinamishe kama unainywesha. Lakini kishikwambi jicho lake liko mgongoni, na fomu yake haikupita bila picha.

Mkwe wangu akalaza kichwa juu ya meza. Nikaona mabega tu, na nikaona mstari wa vumbi shingoni ulipoishia ukosi, na nikafikiria wasichana wawili na karo na yule aliyevuka mpaka. Mtu aliyefikwa na maji shingoni hachagui kamba. Kwa hiyo hili ninaloandika sasa niliandike wazi, asije akalaumiwa mtoto wa watu: wazo lilikuwa langu.

Nyuma ya nyumba tuna tangi la saruji la kukingia maji ya mvua. Limezikwa ardhini, mdomo wa duara, limeota ukungu pembeni. Ukilitazama kwa jicho la huruma ni kisima.

Nikamshika mkono nikampeleka. Nikaondoa mfuniko. Tukapiga picha ya kwanza hivi hivi. Ya pili nikapanga mawe. Ya tatu nikatupa majani makavu. Nilileta kamba, nikaleta ndoo, nikabadilisha ndoo kwa kopo la rangi lililokatwa, nikaweka kandambili moja ukingoni kana kwamba mwenyewe ametoka kidogo. Alipiga kutoka juu, kutoka kulia, kutoka kushoto. Penye kivuli nilimwambia huyo wa bondeni, penye jua huyo wa mlimani. Ilipofika ya kumi na mbili nikasikia anacheka, akicheka na machozi yanatiririka, hajui lipi ni lipi, na mimi nikacheka naye. Mungu anisamehe, tulifurahi robo saa.

Tuliporudi ndani akakumbuka. Kishikwambi huandika pia mahali kilipopigia picha. Alikuwa amekizima hicho kipengele kabla ya kuanza, hakuwa mjinga, lakini sasa visima arobaini na moja vitaonyesha mahali na kumi na tisa havitaonyesha. Akatembea jikoni, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi.

"Nitasema kinapotea," akasema. "Nitasema bondeni hakishiki mahali."

"Ukisema kinapotea, umekiita kibovu."

"Nitakiita."

"Na watanunua zile nyingine."

Alikuwa anajua. Ili vile kumi na tisa vya uongo visimame, ilibidi kile kifaa kilichofanya kazi kilaumiwe, na ile iliyomkwamisha isifiwe. Na Kobe na wenzake wabebe mwavuli wa mashine miaka mitatu mingine. Mimi ninamjua Kobe. Hunywa chai amesimama kwa sababu akikaa, kuinuka ni safari. Nilimtaja. Mkwe wangu akageuka akanitazama, uso umekauka.

"Mama, nina watoto wawili."

Nikaacha habari ya Kobe. Mimi pia ninao, hao hao.

Jumapili nzima aliandika ripoti na kuifuta. Nilipita nyuma yake na ufagio, nafagia palipofagiwa. Alikuwa anaandika sentensi nzuri juu ya kompyuta, anakaa, anaitazama, mkono unakwenda nyuma ya shingo pale begi lilipomchubua, kisha anaifuta. Jioni akaichapa bila kuisoma tena.

Jumatatu saa nne nilikuwa chumbani na birika. Mkuu alikaa kichwani mwa meza, miwani imeshuka, kishikwambi kiko mbele yake. Mtunza stoo alikuwa na daftari. Kobe aliletwa kuwasemea wapimaji, amesimama ukutani kama kawaida yake. Mkwe wangu akasoma ripoti. Sauti haikutetemeka, afadhali ingetetemeka. Akasema kompyuta ina kioo kikubwa, ina vitufe, ripoti ndefu huandikika. Akasema kishikwambi ni kigumu, hakikufa, lakini bondeni hupoteza mahali, visima kumi na tisa havina mahali, na kifaa kinachopotea hakifai kupima. Akapendekeza kompyuta.

Mtunza stoo akaandika kitu na kukipigia mstari chini. Kobe akauliza taratibu, bila ubaya.

"Dada, kishikwambi sisi hatujakibeba. Wewe umevibeba vyote viwili siku kumi. Mgongo wako unasemaje?"

"Mgongo haujazi fomu," akasema mkwe wangu, na hakumtazama.

Kobe akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa dawa imekwisha. Nikammiminia chai. Nilimwekea vijiko vitatu vya sukari, yeye hunywa kimoja.

Mkuu alikuwa anapitia fomu kwa kidole. Akauliza kama visima vyote sitini vilifikiwa. Mkwe wangu akasema vyote. Mkuu akavua miwani.

"Mimi sikutegemea hilo," akasema. "Mtu mmoja, mashine mbili, siku kumi: nilipiga hesabu nikaona akijitahidi sana atafika arobaini, arobaini na tano. Niliweka sitini ili nione ipi itachoka kwanza na itachokea wapi. Mapengo ndiyo niliyokuwa nayataka. Sasa umeniletea sitini kamili kwa zote mbili, na sijui nijifunze nini hapa."

Nimeona watu wakipokea habari za kifo. Walikuwa na rangi kuliko mkwe wangu dakika ile. Macho yake yalipanda polepole mpaka kwenye karatasi ya ukutani, yakasoma herufi zote, yakashuka. Mdomo ukafunguka. Nilijua anataka kusema arobaini na moja. Ilikuwa hapo kwenye ulimi, niliiona. Angeisema ingekuwa ripoti bora kuliko zote zilizowahi kusomwa chumbani mle: ile mashine ilinila siku zangu, visima kumi na tisa vikabaki. Lakini mtu aliyekwisha kuapa mara mbili kwamba ameshiba, chakula kikija hajui aanzie wapi kuomba. Mdomo ukafungika.

Mkuu akavaa miwani tena. Kidole kikaendelea, picha baada ya picha, kikasimama.

"Kisima cha hamsini na mbili," akasema. "Umeandika maji yako mita kumi na mbili chini. Hapa kwenye picha nayaona karibu kuyagusa kwa mkono."

Mtunza stoo akaacha kuandika. Mkwe wangu alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, vidole vyeupe. Mfa maji haachi kutapatapa, wanasema, lakini huyu alikuwa ameacha. Alikuwa anazama ametulia. Basi nikatapatapa mimi kwa niaba yake.

Nikasema nikiwa bado namimina, bila kuinua uso, kana kwamba ni neno la kawaida la mtu wa chai: "Kisima hicho hupanda na kushuka, Mkuu. Asubuhi kiko chini, jua likipanda nacho kinapanda. Ndivyo kilivyo tangu zamani."

Mkuu akageuka. Akaniuliza kama ninakijua.

"Nikijue? Nimezaliwa hatua ishirini kutoka hapo. Nimekichota nikiwa na meno ya utoto."

"Kumbe. Na mara ya mwisho ulifika lini, bibi?"

"Lo, zamani. Miaka arobaini sijakanyaga. Lakini kisima hakisahauliki."

Alinitazama kwa upole, upole ule wa daktari. Kisha akaweka vidole viwili juu ya kioo akavitanua, picha ikakua, akatanua tena. Akakigeuza kishikwambi kikanielekea mimi, na kile kitu kilikuwa na kioo kizuri, juani kinaonekana, kivulini kinaonekana, hakifichi kitu. Mawe yangu yalikuwepo ukingoni. Kopo la rangi lilikuwepo. Na katikati, ndani ya maji, kichwa chini miguu juu, alikuwa bibi mmoja ameshika mfuniko kwa mikono miwili, anacheka meno yake yote matano.

"Miaka arobaini, umesema," akasema Mkuu.

Birika lilikuwa bado mkononi mwangu. Kilemba nilichovaa kilikuwa kile kile cha pichani, cha mistari ya njano.